Tufe mbili katika bomba moja: majina ya vali kwa Kiswahili

Katika Kiswahili sanifu neno «vali» linabeba mzigo mkubwa: kuna vali za moyo, za injini, za bomba la mafuta. Hapa Kindu fundi wa maji husema «robine» kwa ile iliyo mwisho wa tiyo, nyumbani, na «vane» kwa ile inayokata maji ya mtaa mzima. Maneno haya ya Kifaransa yanatenganisha kazi mbili ambazo «vali» peke yake haizitenganishi. Je, tukihitaji majina ya aina za vali za viwandani, tuyatoe wapi?

Kiingereza mara nyingi hutaja umbo la kile kinachofunga, na mara nyingi hilo linatufaa. Katika vali ya lango, kipande bapa hushuka na kuziba njia. Ikifunguliwa yote, maji hupita moja kwa moja. Haifai kuachwa nusu, kwani mkondo hulitikisa lango na kulila ukingoni, kisha halizibi tena vizuri. Jina linasaidia hapa: lango hufunguliwa au hufungwa. Vali ya kipepeo nayo inaeleweka: sahani huzunguka ndani ya mrija. Ni nyepesi, lakini hata ikiwa wazi sahani hubaki katikati ya njia, kwa hiyo chombo cha kusafisha bomba kwa ndani hakiwezi kupita.

Mtego uko kwenye «globe valve» na «ball valve». Ya kwanza ilipewa jina kwa uviringo wa mwili wake wa nje. Ndani yake hakuna tufe: kizibo huteremka taratibu juu ya kiti chake, na maji hupinda kabla ya kutoka. Shinikizo hupotea, lakini mtu anaweza kupunguza au kuongeza mkondo apendavyo. Ya pili ina tufe kwelikweli, lenye tundu. Robo ya mzunguko inatosha kuifunga. Imeundwa kufungua au kukata, na ikifungwa ghafla kwenye bomba refu la maji, pigo la maji linaweza kupasua viungo.

Mfasiri anayefuata kamusi neno kwa neno atapata «vali ya tufe» mara mbili. Fikiria agizo: «punguza mkondo kwa vali ya tufe». Mfanyakazi atashika ipi? Swali hili si la darasani tu. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, lina urefu wa kilomita 1,443. Linapita katika nchi za Kiswahili, na mwenye hisa nyingi zaidi ni TotalEnergies ya Ufaransa. Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili vinakutana kwenye chuma kilekile.

Kifaransa kinakwepa mtego huo: kinasema «robinet à soupape», yaani kinataja kinachoziba. Napendekeza tufuate njia hiyo na kusema «vali ya kizibo», kisha «tufe» tuiachie ile yenye tufe. Kuna aina nyingine ambayo mtu angeweza pia kuiita ya kizibo, ile yenye koni inayozunguka. Hiyo iwe «vali ya koni».

Inabaki ile isiyo na mpini, inayofunguliwa na mkondo wenyewe na kujifunga maji yakitaka kurudi. Wapo wanaosema «vali ya njia moja». Mimi napenda «vali isiyorudisha», kwa sababu kirejeshi kinafanya katika neno moja kazi ambayo Kifaransa kinaifanya kwa «clapet anti-retour».

Kuhusu Kindu, sioni sababu ya kumlazimisha fundi aache «vane». Kidahizo kinaweza kuandikwa hivi: vali ya lango, nm. [i-/zi-], Kongo pia: vane, hutumika ikiwa wazi kabisa au imefungwa kabisa.