SOMO LA VIKUNDI: UGONJWA WA KUDUMU NA MAPATO YA MARA MOJA KWA MWAKA

Kusudi la somo: Baada ya kulisoma na kulijadili, katibu na wanachama waweze kueleza kwa nini mgonjwa wa kudumu hukatiza dawa, na kupanga jinsi chama kinavyoweza kumsaidia bila kuvunja sheria ya ushirika.

1. Ugonjwa wa kudumu ni upi?

Magonjwa ya kudumu ni yale ambayo mtu huishi nayo miaka mingi, pengine maisha yake yote. Miongoni mwake ni shinikizo la juu la damu, kisukari, pumu, kifafa na selimundu. Malaria hutibiwa ikaisha. Shinikizo la damu hutulizwa tu, nalo hurudi dawa zinapoachwa. Kujisikia vizuri hakumaanishi kupona. Mara nyingi mgonjwa hujisikia vizuri kwa kuwa dawa inafanya kazi.

Jambo hili si la watu wa mijini peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kabla ya hapo, utafiti uliofanywa Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kati ya mwaka 1992 na 1995 ulionyesha kuwa vifo vya kiharusi, umri ukilinganishwa na umri, vilizidi vile vya Uingereza. Watafiti walitaja shinikizo lisilotibiwa kuwa sababu kubwa.

2. Kiini cha tatizo

Mkulima wa Chemba hupata mvua za msimu mmoja. Huvuna na kuuza ufuta, alizeti na mtama katikati ya mwaka, na fedha nyingi humfikia katika miezi hiyo michache. Dawa ya shinikizo huhitajika kila siku, Januari kama Julai. Hivyo basi matumizi ni ya kila mwezi, na mapato ni ya mara moja.

Matokeo yake yanajulikana vijijini. Katika miezi ya kulima, ghala likiwa tupu, mgonjwa huruka kliniki moja, kisha ya pili. Baadhi hugawa vidonge nusu nusu ili vidumu. Kiharusi kikimpata, familia huuza ng'ombe kwa bei ya haraka, hukodisha shamba na kukodi gari hadi Dodoma. Anayebaki na mgonjwa nyumbani, mara nyingi mke au binti, hupoteza msimu wa kilimo. Chama nacho hupungukiwa na mwanachama aliyekuwa akileta mazao.

Gharama kubwa ya ugonjwa wa kudumu, kwa hiyo, hutokana na kukatiza dawa. Anayetaka kupunguza gharama aanzie hapo.

3. Mfano wa hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Mwanachama anahitaji dawa ya shilingi 5,000 kwa mwezi na nauli ya shilingi 5,000 kwa kila safari ya kliniki. Kwa mwaka:

Dawa: 5,000 x 12 = 60,000
Nauli: 5,000 x 12 = 60,000
Jumla: 120,000

Akiuza kilo 400 za ufuta na kuidhinisha shilingi 300 kwa kila kilo ziwekwe akiba, atakuwa na shilingi 120,000 kamili. Ikiwa mganga ataridhika kuwa hali yake imetulia na kumpa dawa za miezi miwili kwa safari moja, nauli itakuwa shilingi 30,000 badala ya 60,000. Uamuzi huo ni wa mganga, lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza.

4. Funzo kutoka mkoa wa Dodoma

Ushirika wa kununua dawa si jambo geni mkoani. Zahanati zilipokosa dawa katika Bohari ya Dawa, kila moja ilinunua kivyake, kidogo kidogo, kwa bei ya juu na bila uhakika wa ubora. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza mfumo ulioitwa Jazia. Vituo viliendelea kuagiza kwanza Bohari ya Dawa. Mahitaji yaliyokosekana huko yalikusanywa pamoja na kununuliwa kwa mshitiri mmoja aliyechaguliwa kwa zabuni, kwa bei zilizokubaliwa. Mwaka 2016 mfumo ulifika Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukaenezwa nchini. Msingi wake ni ule ule wa chama cha mazao: wadogo wakiungana hupata bei na ubora ambao mmoja hawezi kuudai.

Vivyo hivyo kwa bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Katibu aulize halmashauri viwango vya michango vya mwaka husika, na dawa zipi za magonjwa ya kudumu zimo katika kitita, kabla ya kuwashauri wanachama.

5. Wajibu wa chama

(a) Makato yafanyike kwa idhini ya maandishi ya mwanachama mwenyewe. Halmashauri ya chama haina mamlaka ya kumkata mtu kwa huruma.

(b) Fedha zisikae katika kasha la chama. Chama cha mazao si benki. Kupokea akiba ni kazi ya SACCOS zenye leseni kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Zipelekwe katika akaunti ya mwanachama mwenyewe, SACCOS au benki, naye apewe stakabadhi.

(c) Daftari liandike "akiba ya afya" tu. Jina la ugonjwa ni siri ya mgonjwa.

(d) Mganga wa zahanati aalikwe kupima shinikizo siku ya mkutano mkuu, watu wakiwa wamekusanyika. Wengi hawajui wanaugua.

(e) Wanachama waonywe wasinunue vidonge visivyo na pakiti mnadani. Wanunue duka la dawa muhimu lenye kibali, nao wasome tarehe ya mwisho wa matumizi.

(f) Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili msamaha wa malipo katika vituo vya serikali. Wasaidiwe kupata utambulisho kutoka serikali ya kijiji.

6. Maswali ya kujadili

1. Katika chama chenu, ni miezi gani mgonjwa hukosa nauli ya kliniki?
2. Rudieni hesabu ya sehemu ya 3 kwa bei za dawa na nauli za kijijini kwenu. Ni shilingi ngapi kwa kilo zingetosha?
3. Kwa nini ni hatari kwa chama kutunza akiba ya wanachama katika kasha lake?
4. Mwanachama mwenye kisukari asiyeuza mazao mwaka wa ukame atasaidiwaje?

Majibu ya swali la 2 na la 4 yaandikwe katika kumbukumbu za kikundi na kuwasilishwa katika mkutano mkuu unaotangulia msimu wa mauzo, kwa maana baada ya fedha kugawanywa ni vigumu kuweka akiba.