Daftari la Vidimbwi: Tuhesabu Watu na Njia, Si Samaki Peke Yao



Mkulima wa skimu ajua idadi ya ng'ombe wake. Ajua magunia ya mahindi aliyovuna, na deni lake dukani. Lakini Bwana Samaki akija kuuliza, "Kikundi chenu kina vidimbwi vingapi?" mwenyekiti husema thelathini, mwandishi husema ishirini, na mama mmoja aliyeketi nyuma husema vyenye maji ni kumi tu. Nani mkweli? Somo letu la mwezi huu ni namna ya kulijibu swali hilo kwa daftari, si kwa kukisia.

Tuanze kwa kuwatazama wenzetu wavuvi. Mto Nzoia, ambao maji yake hutoka Cherangani na Mlima Elgon, hupita katika nchi yetu na kuingia Ziwa Victoria huko Bunyala. Tangu mwaka 2000, Kenya, Uganda na Tanzania zimeungana kufanya hesabu ya uvuvi ya ziwa zima chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Makarani huenda ufuo baada ya ufuo. Hesabu ya mwaka 2000 ilionyesha wavuvi wapatao 129,000. Ile ya mwaka 2006 ilionyesha zaidi ya 196,000. Bila hesabu, nani angejua kwamba watu wanaotegemea ziwa lile lile wameongezeka kiasi hicho kwa miaka sita?

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Makarani wale hawahesabu mitumbwi na nyavu tu. Huuliza pia: Ufuo huu una choo? Una maji safi? Una umeme? Una banda la kupokelea samaki? Barabara yapitika wakati wa mvua? Maana samaki aliyevuliwa vizuri akakaa juani kwa kukosa njia ni hasara sawa na samaki aliyetoroka wavuni. Tena, kanuni za Kenya za mwaka 2007 ziliweka vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, navyo vilitakiwa kuwa na orodha ya wanachama na vyombo vyao. Ufuo wenye orodha safi huweza kusema mbele ya serikali, "Sisi ni watu kadhaa, na choo hatuna."

Je, sisi wa vidimbwi tumefanya hivyo? Katika miaka ya 1960 watu walihimizwa kula samaki zaidi, na vidimbwi vingi vidogo vikachimbwa Nyanza na Magharibi. Vingi viliachwa vikaota nyasi. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango mwingine: vidimbwi 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo 140, kila kidimbwi mita za mraba 300. Samaki wa kufugwa nchini, waliokuwa chini ya tani 5,000 mwaka 2008, walifika tani 24,000 hivi mwaka 2014. Kisha wakapungua, mwaka 2016 walikuwa kama tani 15,000. Chakula cha samaki kilikuwa ghali, vifaranga vizuri vilikuwa haba, na maji yalikauka mahali pengi. Daftari peke yake lisingeyaponya hayo. Lakini lingeonyesha mapema ni kidimbwi kipi kinakufa, na kwa sababu gani.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilitumwa kuandika orodha ya vidimbwi ili watu wagawiwe vifaranga. Mvua ilikuwa kubwa na njia ilikuwa matope, basi niliketi katika nyumba ya mzee mmoja nikaandika majina kama nilivyotajiwa. Vifaranga vilipofika, baadhi ya majina yalikuwa ya watu waliokwisha kufukia vidimbwi vyao na kupanda viazi vitamu. Mjane mmoja, ambaye kidimbwi chake kilijaa maji na kilipaliliwa vizuri, hakuwamo. Alisimama kando ya gari na ndoo yake mpaka gari likaondoka. Kalamu yangu ndiyo iliyomnyima. Tangu siku hiyo siandiki kidimbwi nisichokiona kwa macho yangu.

Basi, nunueni daftari moja nene, lenye jalada gumu. Ligaweni sehemu nne.

Sehemu ya kwanza: WATU. Andikeni jina la mwenye kidimbwi, na jina la yule anayekilisha kila siku. Mara nyingi si mtu mmoja. Kidimbwi huitwa cha baba, naye yuko kazini Nairobi. Anayebeba pumba asubuhi ni mama au kijana. Mafunzo yakitangazwa, barua humwendea baba, na mwenye kazi hasikii neno. Andikeni pia watu wa nyumba ni wangapi, ili ijulikane samaki hao wanalisha vinywa vingapi.

Sehemu ya pili: KIDIMBWI. Pimeni urefu na upana kwa kamba yenye alama za mita. Andikeni maji yatoka wapi: chemchemi, mto, au mvua. Andikeni kama maji hubaki mwezi wa Januari na Februari, jua likiwa kali. Kisha andikeni neno moja tu kati ya haya: KINAFANYA KAZI, KIMEKAUKA, au KIMEACHWA. Msiogope kuandika KIMEACHWA. Hiyo si aibu, ni habari. Na mbele yake mweke sababu.

Sehemu ya tatu: NJIA NA VIFAA. Kutoka kidimbwini mpaka barabara ya gari ni mwendo gani? Daraja liko, au ni magogo? Umeme umefika? Friji iliyo karibu iko kwa nani? Wavu wa kuvunia ni wa nani, nao una matundu? Soko lenu ni Kitale, Kiminini, Chwele au Bungoma, na nauli ni kiasi gani?

Sehemu ya nne: MATUMIZI NA MAVUNO. Hapa ndipo wengi hujidanganya, basi tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu.

Tuseme kidimbwi cha mita za mraba 300 kimetiwa vifaranga 1,000 vya ngege kwa shilingi 10 kila kimoja: shilingi 10,000. Chakula kilo 260 kwa shilingi 100: shilingi 26,000. Usafiri: shilingi 3,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 39,000. Baada ya miezi minane wamevunwa samaki 700, wenye uzito wa kilo 175. Kilo 25 zimeliwa nyumbani, kilo 150 zimeuzwa kwa shilingi 300 kila kilo: shilingi 45,000. Faida ya fedha ni shilingi 6,000, mbali na kitoweo.

Asiye na daftari aona shilingi 45,000 mkononi na kusema amefanikiwa sana. Mwenye daftari huuliza: samaki 300 wamekwenda wapi? Je, ni ndege, ni fisi maji, ni mwizi, au walikufa njiani siku ya kwanza? Swali hilo ndilo litakalompa faida mwaka ujao.

Sasa namna ya kulitunza daftari. Kila ukurasa uandikwe tarehe na jina la aliyeandika. Pitieni vidimbwi vyote kila baada ya miezi mitatu, kwa miguu, watu wawili pamoja. Habari ikibadilika, pigeni mstari mmoja juu ya neno la zamani na kuandika jipya kando yake. Msifute, maana la zamani nalo lina mafunzo. Wekeni nakala ya pili katika nyumba nyingine, kwa kuwa moto na mchwa hawana adabu. Mwenye simu nzuri na apige picha za kurasa.

Jihadharini pia na siri za watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kabla ya kuandika habari za mtu, mwelezeni ni za kazi gani, na mpate idhini yake. Namba za kitambulisho na za simu zifungiwe sandukuni. Zisibandikwe ukutani, wala asipewe kila mfanyabiashara anayepita. Lakini jumla zisomwe wazi mkutanoni: vidimbwi vingapi, vyenye maji vingapi, mavuno kilo ngapi. Kila mtu akisikia, uongo hukosa mahali pa kuketi.

Mtauliza, faida yake nini? Tangu mwaka 2013 kazi nyingi za kilimo na uvuvi zimo mikononi mwa kaunti. Bajeti ya kaunti hujadiliwa mbele ya wananchi kila mwaka. Kikundi kinachosimama Kitale au Bungoma na kusema "tusaidieni" husikilizwa kwa upole tu. Kikundi kinachosema "tuna vidimbwi 22, vyenye maji 14, na tangu Aprili mpaka Agosti gari halivuki kijito chetu kuchukua samaki" kimetoa hoja ambayo afisa aweza kuiandika na kuja kuitazama.

Kazi ya mwezi huu ni hii. Kwanza, chagueni waandishi wawili, na mmoja wao awe mwanamke. Pili, tembeleeni vidimbwi vyote kabla ya mkutano ujao. Tatu, hesabuni vilivyokauka, na mwandike sababu ya kila kimoja. Nne, mwulize kila mkulima: ni nani katika skimu yetu ana kidimbwi chenye maji, na jina lake halimo?

Mkimpata huyo, mwandikeni siku hiyo hiyo.