Skrini ya bei nafuu kwa michezo na hesabu za duka

SWALI: Niko Katoro, Geita. Nina kompyuta ya mtumba. Nachezea michezo ya mpira na kuandikia hesabu za duka la mama. Ninunue skrini gani isiyo ghali?

JIBU: Mdogo wangu, chukua ya inchi 22 au 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Ukizidisha pikseli hizo, kompyuta itaelemewa na mchezo utakwamakwama. Hezi 75, yaani picha 75 kwa sekunde, zinatosha. Hezi 144 ni hasara kama kompyuta haiwezi kutoa picha 144 kwa sekunde. Tafuta paneli ya IPS. Ile ya TN ukiitazama kwa pembeni rangi hugeuka, na mama akisimama ubavuni kwako hatasoma hesabu vizuri.

Dukani, iwe Geita mjini au Kahama, usilipe kabla haijawashwa. Jaza skrini kwa picha nyeupe tupu, kisha nyeusi. Nyeupe hufichua madoa na umanjano wa uzee. Nyeusi hufichua vinukta vyekundu au vya kijani visivyozimika, na mwanga unaovuja kwenye kingo. Hakikisha ina tundu la HDMI, kwani kwa VGA maandishi mara nyingi hufifia.

Bakiza pesa ya stabilaiza, maana umeme ukipanda ghafla huunguza skrini mpya na ya mtumba vilevile. Kati ya hezi 144 bila stabilaiza na hezi 75 yenye stabilaiza, nunua ya pili.