Usiseme "Afadhali Amepumzika"

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko: Mwanzo 4:8-10, 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, Yohana 9:1-3

Somo la wiki hii ni zito. Viongozi wa seli, tafadhali lisomeni kwanza nyinyi wenyewe kabla ya kulipeleka kwa kikundi, na mjifunze watoto wadogo wakiwa wamelala.

Kuna mauaji ambayo sisi hatuyaiti mauaji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapunguziwa chakula kidogo kidogo mpaka anaisha. Kijana mwenye ugonjwa wa akili anafungwa kamba nyuma ya nyumba, na baridi ya usiku inammaliza. Mzee aliyepooza ananyimwa dawa kwa sababu "si ataenda tu." Mtoto mchanga aliyezaliwa na ulemavu anakufa ghafla usiku, na jamaa wanakubaliana kwamba asubuhi hakuna maswali. Siku ya mazishi tunasimama kando ya kaburi, iwe ni Bahati, Njoro ama Molo, na mtu anasema: afadhali amepumzika, na mama yake pia apumzike. Wengine wetu tunaitikia amina.

Kama marehemu angekuwa mtu mwenye afya na kazi, polisi wangeitwa siku hiyo hiyo. Kwa nini huyu hakuitiwa mtu?

1. Hili jambo liko kwetu

Mwaka 2018 shirika la Disability Rights International lilitoa ripoti kuhusu watoto wenye ulemavu hapa Kenya. Kati ya kina mama wa Nairobi waliohojiwa, asilimia 45 walisema walisukumwa wawaue watoto wao. Nje ya jiji hali ilikuwa mbaya zaidi. Waliambiwa mtoto ni laana, amerogwa, ana pepo, ama ni malipo ya dhambi ya mama. Tafadhali shika hapo: wengi walioweka hiyo presha hawakuwa majambazi wa barabarani. Ni watu wa nyumbani na majirani.

Jirani zetu Tanzania, mwezi Mei 2024, mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoa wa Kagera. Mwezi Juni mwili wake ulipatikana umekatwa viungo. Polisi walikamata watu 9, na kati yao walikuwa baba mzazi wa mtoto na padri mmoja. Hatia ni ya korti kuamua. Lakini tusikimbilie kusema, "Hao ni wa dhehebu lingine." Nyumba na kanisa ndiyo mahali mtoto anakimbilia akiogopa. Akiogopa hapo, aende wapi?

2. Kifo huanza kwa mdomo

Katika Yohana 9 wanafunzi walipita karibu na mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza lilikuwa ni nani alitenda dhambi, yeye ama wazazi wake. Hawakumsalimia wala kumuuliza jina. Yesu alikataa swali lenyewe: si yeye, si wazazi.

Sasa angalia sisi. Mama akijifungua mtoto mwenye ulemavu, maswali yanaanza kabla hajatoka wodini. Ukoo wake una nini? Alifanya nini akiwa msichana? Baba anahama. Shosho anashauri mtoto asitolewe nje. Halafu majina yanaanza, na wote tunayajua. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Yaani hata sheria ya nchi inajua kwamba jina baya ni hatua ya kwanza. Ukishazoea kumwita mtu "hicho kitu," siku akikosa chakula hutashtuka.

Na sisi wa kiroho tuna maneno yetu. Tunaamini uponyaji, na hatutaacha kuombea wagonjwa. Lakini ukimwambia mama, "Mtoto wako haponi kwa sababu imani yako ni ndogo," umemwongezea jiwe juu ya mzigo. Ukimwambia aache dawa ya kifafa ili aonyeshe imani, unaweka maisha ya mtoto hatarini. Omba, na dawa iendelee.

3. Mtu si gharama

Mimi nilisoma biashara chuoni. Huko unafundishwa kila kitu kiingie kwa kitabu: hiki ni mali, hiki ni deni, hiki kinakula pesa bila kurudisha. Ni elimu nzuri kwa duka. Kwa nyumba ya watu ni hatari. Familia ikianza kumhesabu mtoto hivyo, nepi kiasi hiki, nauli ya kliniki kiasi hiki, na yeye hatawahi kuandikwa kazi, basi jibu la hesabu limeshajulikana kabla ya kupiga.

Mungu hakumwekea mtu thamani kwa kile anachozalisha. Kwenye Mwanzo 4, Habili ameshakufa, hawezi kusema wala kujitetea, lakini Mungu anasikia damu yake kutoka ardhini. Na hakumuuliza Kaini kama alikuwa amechoka. Alimuuliza ndugu yake aliko.

4. Watu 36 kwa mtu mmoja

Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano habari ya vita ilipofika. Yaya wake alimbeba akakimbia, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Miaka baadaye Daudi anamtafuta na kumpata Lo-debari, amekaa kwa nyumba ya mtu.

Soma sura ya 9 polepole uone Daudi alifanya nini. Alimrudishia shamba la babu yake. Alimweka Siba alilime, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20. Piga hesabu: watu 36 waliwekwa kuhakikisha mtu mmoja mlemavu ana chakula na heshima. Na yeye mwenyewe akawa anakula mezani kwa mfalme kila siku.

Kitu kingine: sura inaisha ikituambia bado alikuwa mlemavu wa miguu yote miwili. Hakupona. Nafasi yake mezani haikungoja apone.

5. Je, mlezi aliyechoka?

Hapa tuseme ukweli kwa upendo. Wako kina mama katika kanisa hili ambao hawajalala usiku mzima kwa miaka. Wanabeba mgongoni mtoto wa miaka 12, wanalipa nauli ya bodaboda mara mbili kwa sababu dereva anakataa, na ploti wamefukuzwa kwa sababu mtoto anapiga kelele. Uchovu wao ni wa kweli.

Lakini uchovu si ruhusa ya kuua. Kina mama wengi wamechoka kabisa na hawajamdhuru mtu. Tukisema, "Alimuua kwa sababu alichoka, tumwelewe," tunawatukana hao wote, na tunamwambia kila mlemavu anayetusikia kwamba maisha yake yana bei, na bei hiyo ni subira ya mtu mwingine. Mwonee huruma mlezi akiwa hai na mtoto akiwa hai. Huruma inayokuja baada ya kaburi, tena kwa muuaji peke yake, imechelewa.

Huko Marekani na nchi nyingine, tangu 2012, watu wenye ulemavu na marafiki wao wamekuwa na siku ya kuwaomboleza waliouawa na jamaa ama walezi wao. Huadhimishwa kila tarehe 1 Machi, na wanasoma majina ya marehemu moja moja. Hawasomi uchovu wa muuaji. Wanasoma jina la aliyekufa.

6. Tufanye nini?

Kwanza, zamu. Seli yenye nyumba 12, kila nyumba ikitoa masaa mawili kwa wiki, mlezi anapata masaa 24. Anaweza kulala, kufua, kwenda sokoni. Hakuna mchango wa M-Pesa unaoweza kumpa usingizi.

Pili, karatasi. Msindikize mzazi hospitalini mtoto akapimwe, kisha wajiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kuna mpango wa Inua Jamii unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Uliza chifu ama ofisi ya huduma za jamii jinsi ya kuomba. Si nyingi, lakini ni haki yake.

Tatu, macho. Mtoto ambaye haonekani tena, anayekonda wakati wengine wa nyumba hiyo wananona, ama mlezi anayesema "siku moja nitamaliza hii maneno," hilo ni jambo la leo, si la mkesha wa Ijumaa. Usimwache mtoto hapo. Mwambie mchungaji, mwambie afisa wa watoto, piga 116, simu ya bure ya watoto. Kama mtu ameshakufa na kuna shaka, ni kazi ya polisi. Wazee hawawezi kuyamaliza nyumbani, na mchungaji hawezi kuyafunika kwa maombi. Toba ya kweli haifichi maiti.

Nne, meza. Jumapili, mlete. Akipiga kelele wakati wa mahubiri, mhubiri ataongeza sauti.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Katika mtaa wetu, ni nani ana ulemavu na hatujui jina lake?
2. Ni maneno gani tumezoea kusema nyumbani ambayo hatungesema mtu huyo akisikia?
3. Ni nyumba gani moja tunaweza kuanzia zamu wiki hii? Andikeni siku na saa.

MAOMBI
Ombeni kwa ajili ya watu wenye ulemavu walio hai, mkiwataja kwa majina. Ombeni kwa ajili ya walezi. Halafu ombolezeni wale waliozikwa bila mtu kuuliza swali. Mungu aliwasikia. Na sisi atusaidie tusikie mapema.