ALIYE JUU NDIYE MNYONGE: Viti na Vyeo katika Kumbi za Roma ya Kale

Wanachama wenzangu, sisi husema aliye juu mngoje chini. Lakini katika kumbi za michezo ya kuigiza za Warumi wa kale, aliye chini ndiye aliyekuwa mkubwa, na aliye juu ndiye mnyonge!

Vipi? Ukumbi ulikuwa na umbo la nusu duara. Jukwaa lilikuwa chini, na ngazi za kukalia zilipanda kama kilima. Aliyeketi chini aliwaona waigizaji kwa karibu, tena yeye mwenyewe alionekana na wote.

Mwaka wa 194 K.K. maseneta walitengewa viti vya mbele. Raia wakanung'unika, kwani hadi hapo walikuwa wakiketi pamoja. Mwaka wa 67 K.K., sheria ya Roscius Otho ikalipa tabaka la wapanda farasi safu 14 nyuma ya maseneta. Hao walikuwa matajiri: mtu wa tabaka hilo alitakiwa kuwa na mali ya sesterti 400,000, fedha za Kirumi.

Je, wanyonge walinyamaza? Thubutu! Mwaka wa 63 K.K. Otho alipoingia ukumbini, raia walimzomea, nao wapanda farasi wakampigia makofi. Matusi yakarushwa huku na huku, hata ikabidi Cicero, konsuli wa mwaka huo, awaite watu nje na kuwakemea.

Baadaye Kaisari Augustus akakaza kamba. Alikuwa amechukizwa kwamba mjini Puteoli seneta mmoja aliingia penye umati na hakuna aliyempisha. Basi wanajeshi wakatengwa na raia. Wanaume waliooa wakapewa safu zao. Wavulana nao wakapewa zao, na walimu wao kando yao (hapo hakuna kupiga domo!). Wanawake wakapelekwa juu kabisa, isipokuwa makuhani mabikira wa Vesta, waliokuwa na mahali pao maalum.

Mjini Orange, Ufaransa, maandishi yangalipo kwenye mawe ya ukumbi wa Kirumi, yakitaja safu 3 za wapanda farasi.

Funzo ni lipi? Mrumi wa kawaida hakuhitaji kuambiwa thamani yake. Alihesabu ngazi alizopanda. Nasi tupangapo viti katika hafla zetu, tujiulize nani amewekwa nyuma, na kwa nini.

Zoezi
1. Kwa nini raia walimzomea Otho?
2. Jadili: Kiti cha mtu humwonyesha cheo chake.