MZABIBU ULIOJAA MAJANI

Somo: Yohana 15:1–8



Wako miongoni mwetu hapa Mwanza wenye mzabibu uani. Usipokatwa kwa miaka kadhaa, hutambaa hadi juu ya paa. Kivuli ni kizuri, majani ni tele, lakini zabibu ni chache, nazo huharibiwa na ukungu kwa sababu jua na upepo havipenyi.

Biblia yetu husema kwamba Mkulima hulisafisha tawi lizaalo. Wengine hudhani ni kuliosha. Lakini neno la Kiyunani lililotumika hapo lina maana ya kusafisha, na pia ya kupogolea. Mzabibu husafishwa kwa kukatwa.

Hufanywaje? Zabibu hutoka kwenye machipukizi mapya, nayo huota katika matawi yaliyokomaa msimu uliopita. Basi chagua shina moja lenye afya na mikono yake miwili au minne. Katika kila mkono bakiza matawi machache ya msimu uliopita, na kila moja ulikate libaki na macho mawili au matatu. Mengine yote ondoa. Utaona umekata sehemu kubwa ya mti, na mahali palipokatwa patatoa maji kama machozi. Usiogope, haufi.

Ndugu zetu wa Dodoma hupogolea na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huku kwetu ziwani mvua ni nyingi zaidi, hivyo ni vema kukata mwanzoni mwa Juni, masika yakiisha. Tangu kukata hadi kuvuna ni kama miezi minne, na zabibu zitakua wakati wa kiangazi.

Angalieni basi: si tawi kavu tu linalokatwa. Hata lile lililozaa hupunguzwa. Mkristo aweza kuwa katika kwaya, kamati tatu na vikao vya kila jioni, vyote vyema, lakini nyumbani watoto hawamwoni na sala zake zimekuwa fupi. Huyo amejaa majani. Kuacha jambo jema moja ili jingine lizae si uvivu.

Lakini tusimwambie mfiwa kwamba Mungu amempogolea. Tukae naye kwanza.

Maswali ya kujadili:
1. Katika mtaa wetu, ni kazi gani njema imebaki majani tu?
2. Ni nani atusaidie kushika mkasi?