SOMO LA TOLEO HILI: ZEBAKI NA SAMAKI WETU

Somo hili linajibu swali moja: je, zebaki ya machimbo ya Geita na Shinyanga imefika kwenye samaki tunaowala?

Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, nayo hushikamana na dhahabu kuwa donge. Donge likichomwa, zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Zebaki inayomwagika kwenye mialo ya kuoshea huingia vijitoni, na humo bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa sumu inayojilimbikiza mwilini. Samaki mkubwa akila wadogo, hubeba sumu ya wote.

Seli za samaki huonyesha dalili mapema. Zikivamiwa na metali nzito hutengeneza protini za kujikinga, kama metalothionini, ambayo huishika metali hiyo. Protini hii ikiongezeka kwenye ini, wataalamu hujua samaki yuko taabani ingawa bado anaogelea. Njia nyingine ni kuchuja maji tu. Samaki huacha magamba, ute na kinyesi, na vinasaba vilivyomo husomwa maabara. Watafiti nchini Ufaransa walitumia njia hii mwaka 2008 kumtambua chura bila kumwona. Tusichanganye mambo: vinasaba vinasema nani yumo majini, havisemi ana zebaki kiasi gani. Kwa hilo lazima nyama yenyewe ipimwe.

Nayo imepimwa. Mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, ulichunguza eneo la Rwamagasa, Geita, katika miaka ya 2000. Samaki wa Ziwa Victoria kwa ujumla walikuwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Baadhi ya wale wa karibu na machimbo walikivuka. Basi mama anayenunua dagaa wa ziwani sokoni Shinyanga asitishwe bure. Vijito ndivyo vinavyohitaji kupimwa upya, maana miaka ishirini ni mingi.

Hatari iliyo karibu zaidi ni mvuke. Anayechoma donge jikoni huuvuta yeye pamoja na watoto wake. Tunaomba kamati zianzie hapo: uchomaji utoke majumbani, ufanyike katika chombo kilichofungwa chenye bomba la kurudisha zebaki, na wajawazito wakae mbali. Mwenye mikono inayotetemeka aende kituo cha afya, na amweleze mganga kwamba kazi yake ni dhahabu.